Vijiti vya kusukumia na vishikio vya kuchongea visu kwenye jiwe na mkanda: wenzangu mnatumia nini?

#1 Mchonga_Springi

Wakuu salaam. Kuna jambo naona mafundi wengi tunalipita tu, naomba tulijadili.

Nachonga visu vya jikoni na vya bucha hapa Morogoro. Malighafi yangu ni springi za gari na mara chache tupa zilizochoka. Nina bench grenda yenye jiwe la milimita 150, pamoja na mashine ya mkanda wa msasa niliyoiunda mwenyewe kwa mota ya pampu. Wiki mbili zilizopita kidole gumba cha kushoto kiligusa mkanda wa namba 60. Haikufika hata sekunde moja. Ngozi iliondoka pamoja na kipande cha ukucha, na sikusikia maumivu papo hapo. Nilishtuka nilipoona damu kwenye bapa.

Tangu siku hiyo sitaki vidole vyangu viwe nyuma ya bapa bila kitu katikati. Nimekata kijiti cha mpera, urefu shibiri moja na nusu, unene kama mpini wa nyundo ndogo. Mwisho wake nimeukata mshazari, nikachonga kidato cha milimita 2 ambapo mgongo wa kisu unakaa. Mkono wa kulia unashika msuka (ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini), wa kushoto unasukuma kwa kijiti. Nguvu inapatikana na vidole viko mbali.

Tatizo ni hili: tangu nianze kutumia kijiti, nimeunguza ncha za visu 3 kati ya 5. Zimegeuka bluu kabisa. Zamani ilinitokea mara moja kwa mwezi. Sababu ni nini? Na nyie mnatumia kitu gani?

#2 BabuTupa

Pole sana kijana wangu. Kidole kitapona.

Jibu la swali lako unalo mwenyewe. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinakupimia joto. Chuma kikianza kukuuma, unazamisha kwenye maji na kuendelea. Kijiti hakiumwi, kwa hiyo unaendelea kusukuma huku kisu kinaungua. Nina miaka 31 kwenye jiwe na sijawahi kuweka mti kati yangu na chuma. Mkono lazima uisikie kazi.

#3 Msomi_wa_Chuma

Mzee wangu #2, shikamoo. Hoja yako ina ukweli lakini haielezi yote.

Ngozi ya mtu inashindwa kuvumilia chuma kwenye nyuzi joto 50 hadi 55 hivi. Chuma kilichotiwa maji (yaani kilichochomwa kikawa chekundu, kisha kikazamishwa ili kiwe kigumu) kinaonyesha njano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 au 230, kahawia kwenye 255 hivi, zambarau kwenye 280, bluu kwenye 300. Ukitazama hivyo, kidole kinawahi sana. Lakini hayo ni kwa chuma kinene. Ncha ya kisu ikishachongwa hadi nusu milimita, inapanda hadi bluu kabla joto halijasafiri mpaka kwenye kidole chako kilichoko sentimita 5 nyuma. Kidole kinakwambia habari za bapa. Habari za ncha hakina.

Mimi naona sababu ni nguvu. Kwa kidole unasukuma kwa woga, kwa kijiti unasukuma kwa ujasiri. Nguvu ikizidi, msuguano unazidi.

#4 Kijana_wa_Keko

Naomba kuongea kama seremala. Sisi kijiti cha kusukumia ni cha msumeno wa meza, na kazi yake ni moja: kupitisha ubao kwenye meno bila mkono kufika. Ubao unakwenda mbele na kijiti kinakwenda nao. Kwenye kisu hali ni nyingine, maana kijiti kinakandamiza mahali pamoja huku bapa likipita chini yake kutoka kwenye shina hadi kwenye ncha. Mtoa mada, ukifika kwenye ncha kijiti chako kinakuwa wapi? Kama bado kiko katikati ya bapa, ncha inaning'inia na kujipigapiga kwenye mkanda. Kama kimefika nchani, unakandamiza sehemu nyembamba kwa nguvu ileile uliyotumia kwenye shina.

#5 Kamukunji254

Niaje wakubwa. Hapa Kamukunji, Nairobi, hatusumbuki na kijiti. Visu vingi vya mpini wa mbao vina matundu ya riveti kwenye msuka. Tunachukua kipande cha mbao ngumu cha futi moja, tunatoboa matundu yanayolingana, tunafunga kisu kwa bolti mbili na nati. Sasa una mpini mrefu wa kushika kwa mikono miwili, na mikono yote iko mbali na jiwe. Hakuna kuteleza. Ukitaka kugeuza upande, unageuza mbao yote.

Kasoro yake ni kwamba kisu kirefu kinayumba kwa ncha, kwa hiyo kwa panga haifai sana.

#6 MwanaKatani

@Mchonga_Springi swali dogo kabla watu hawajaenda mbali: hivyo visu 3 viliungua kabla ya kutiwa maji au baada? Maana kama ni kabla, bluu si shida. Si bado utakichoma tena kiwe chekundu na kukizamisha kwenye oili?

#7 Mchonga_Springi

Asante mkuu, ningelisema mwanzoni. Vyote vilikuwa vimeshatiwa maji na kupitishwa kwenye oveni nyuzi 200 kwa muda wa saa mbili. Nachonga karibu robo tatu ya umbo kabla, kisha namalizia baada.

@Kijana_wa_Keko umenifikirisha. Kijiti huwa nakiacha katikati ya bapa mpaka mwisho. Sikuwahi kukitazama hivyo.

#8 BabuTupa

Msomi, marahaba. Nimesoma nyuzi zako zote. Ila nikuulize: kama kidole hakina habari za ncha, mbona visu vyangu haviungui?

#9 Mama_Bucha

Mimi si fundi, ni mnunuzi. Nina bucha, na kwa mwaka napitisha visu vingi mikononi. Kisu kilichoungua ncha mnakiona nyie kwa rangi, mimi nakiona kwenye kiungo cha ng'ombe. Ncha inapinda kama kijiko ukiipenyeza kwenye paja, unainyoosha, kesho inapinda tena. Na kibaya zaidi, mafundi wengine wanang'arisha ile bluu inaisha, unauziwa kisu kinachometameta.

Kwa hiyo babu #8, visu vyako haviungui au unaving'arisha? Usinikasirikie, nauliza kwa mapenzi.

#10 BabuTupa

Ha ha, mama umenibana. Sing'arishi bluu. Ncha ikiungua naikata yote mpaka nifike kwenye chuma cheupe, kisu kinakuwa kifupi na bei inapungua. Muulize yeyote aliyenunua kwangu.

#11 Spika_Mbovu

Wakuu hamjaitaja sumaku! Chukua spika mbovu ya redio, toa sumaku ya mviringo, ibandike kwa gundi ya epoksi kwenye kipande cha ubao chenye mpini. Bapa linanasa lenyewe. Unaweza kulisogeza, kuligeuza, na hakuna kidato cha kulingana na unene wa mgongo. Mimi nilianza na sumaku ya hard disk ya kompyuta, ndogo lakini kali kuliko ya spika. Baada ya miezi kama miwili ikawa haishiki hata msumari. Nadhani ilikuwa feki.

#12 Msomi_wa_Chuma

Haikuwa feki mkuu. Sumaku za hard disk ni za neodimiamu. Zina nguvu sana lakini zile za kawaida zinaanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80. Za spika nyingi za zamani ni za feraiti, nyeusi na zinavunjika kama kigae, ila joto la nyuzi 200 haziliogopi. Kwa kazi yetu, ya spika ni bora ingawa inashika kidogo.

#13 Kamukunji254

Sumaku nilishawahi kuijaribu nikaacha. Unga wa chuma unajikusanya pale, unakuwa kama ndevu. Unabandika bapa juu yake, ule unga unakwaruza upande ambao umeshaupiga msasa wa namba 400. Tena mkanda unavuta kisu kwenda chini kwa nguvu. Kisu kinateleza juu ya sumaku, na hapo mkono utakimbilia kukidaka kabla akili haijafika. Jamaa wa karakana ya jirani alidaka hivyo. Alishonwa nyuzi 6 kiganjani.

#14 Spika_Mbovu

Ndiyo maana mbele ya sumaku naweka ukingo wa chuma, kipande cha flatiba cha milimita 3, ili makali yasiteleze kwenda chini. Nilisahau kuliandika. Unga naufuta kwa unga wa ngano uliokandwa, unanasa wote.

#15 MwanaKatani

Nimekulia kwenye mashamba ya katani Tanga. Baba yangu alikuwa mkataji, na kisu cha kukatia majani ya mkonge kinanolewa kila siku. Mnoaji alikuja na baiskeli, jiwe limefungwa mbele ya usukani, mkanda unatoka kwenye gurudumu la nyuma. Anasimamisha baiskeli kwa stendi, anakaa, anapiga pedali. Vidole viwili juu ya bapa, vitupu kabisa, na sikumbuki kuona kisu kikigeuka bluu wala mnoaji akikatika.

Nimelifikiria sana jambo hili ukubwani. Yule mzee kasi yake aliitawala kwa mguu. Akifika kwenye ncha alipunguza pedali bila hata kujua kwamba anapunguza. Miguu yake ndiyo iliyokuwa kishikio. Sisi tumeweka mota isiyojua kupunguza, halafu tunatafuta kijiti cha kuziba pengo hilo.

#16 Kijana_wa_Keko

#15 umeandika kitu hapo.

#17 Hesabu_za_Gereji

Niunge mkono kwa namba. Jiwe la milimita 150 kwenye mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika: ukingo wake unakwenda mita 22 na nusu hivi kwa sekunde. Hiyo ni kama kilomita 80 kwa saa, mwendo wa basi la mkoani. Kwa miguu hufiki hapo. Grenda ya mkono ya 115 ndiyo ndogo kwa hiyo yenyewe iko chini kuliko bench.

#18 Msomi_wa_Chuma

Sentensi ya mwisho ndugu yangu irekebishe, mtu asije akaumia. Grenda ya mkono ya milimita 115 inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wake unafika mita 66 kwa sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Ni mara tatu ya bench. Ile kubwa ya milimita 230 inazunguka polepole zaidi, 6,500 hivi, lakini kwa sababu ya upana wake ukingo unafika mita 78.

#19 Hesabu_za_Gereji

Kweli, niliangalia upana nikasahau mizunguko. Asante.

#20 TezoYaUnguja

Assalaam alaykum. Mie hutengeneza vyombo vya baharini, na chombo changu kikuu ni tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao chenye makali yaliyokingama kama jembe. Tezo ina mpindo, haiwezi kukaa kwenye ubao wa bolti wala kwenye sumaku bapa. Nilichofanya nimechonga kigogo cha mti laini kikafuata mpindo wa ndani wa tezo, nikakigandisha ngozi ya mkanda wa suruali kwa gundi. Kabla ya kazi nakiroweka kwenye maji ya kunywa usiku kucha. Maji ya bahari hapana, chuma kitapiga kutu. Mti ukishiba maji unakuwa baridi mgongoni mwa chuma, na mvuke ukianza kutoka najua kuwa pale pamefika joto la maji yanayochemka. Wacha nizamishe.

Babu yetu #2 anasema kijiti hakisemi. Cha mbichi kinasema. Mpera mkavu ndio bubu.

#21 BabuTupa

Hii ya Unguja naikubali. Ni mara ya kwanza kwenye uzi huu kijiti kinapewa ulimi.

#22 Fundi_Glavu

Mbona mnahangaika? Vaeni glavu za ngozi za welda, mshike kisu, kazi iishe.

#23 Kamukunji254

Hapana #22. Hapana kabisa. Glavu nene na mashine inayozunguka haviendi pamoja. Mkanda ukishika uzi mmoja wa glavu unavuta kidole chote na wewe ukiwa ndani yake. Ngozi tupu inachubuka, glavu inakokotwa.

#24 Fundi_Glavu

Za pamba zenye nyuzi, sawa, hapo nakubali. Za ngozi nyembamba zinazobana mimi sijaona zikikokota kidole. Nimezitumia miaka 7.

#25 Kijana_wa_Keko

Katikati yenu kuna njia. Kata vidole vya glavu kuukuu ya ngozi, vaa viwili tu, gumba na cha shahada, bila glavu yenyewe. Kikishikwa kinachomoka chenyewe na kubaki kwenye mkanda.

#26 Fundi_Glavu

Hapo nakubali nusu. Kwa bench grenda bado nabaki na yangu.

#27 Msomi_wa_Chuma

Kwenye bench grenda, glavu au bila glavu, tazameni kwanza kile kitako cha kuegemezea kazi. Pengo kati yake na jiwe lisizidi milimita 3. Pengo la kinga ya juu ya jiwe lisizidi 6. Jiwe linapungua kila wiki na watu hawasogezi kitako, mwishowe pengo linameza ncha ya kisu pamoja na kijiti. Nimeona jiwe lililopasuka kwa sababu hiyo. Kipande kilitoboa bati la paa.

Na kabla ya kufunga jiwe jipya, lining'inize, ligonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Likilia kama kengele, zima. Likilia kama mbao, lina ufa.

#28 Mpenda_Historia

Natoka kidogo kwenye mada lakini nitarudi. Kule Thiers, Ufaransa, mji wa visu, mawe yalizungushwa na maji ya mto Durolle. Wanoaji walilala kifudifudi juu ya ubao, jiwe likiwa chini ya uso wao, wakakandamiza kisu kwa uzito wa mabega. Chumba kilikuwa baridi na chenye unyevu, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mbwa anayelala juu ya miguu yake kumpasha joto. Kule Sakai, Japani, mafundi wanabana bapa kwenye ubao wa kushikia na kulikandamiza kwenye jiwe kubwa linalozunguka na maji. Kwa hiyo kijiti cha mtoa mada kina ndugu zake wa siku nyingi.

Ila watu wa Sheffield, Uingereza, walionoa kwa mawe makavu ya mchanga walikufa mapema kwa vumbi kwenye mapafu, hasa wachonga uma. Mawe yetu ya kiwandani leo si ya mchanga, lakini vumbi ni vumbi. Huyu Mchonga amelinda gumba. Barakoa anavaa?

#29 Mchonga_Springi

Navaa ya kitambaa. Nimeelewa haitoshi, nitatafuta yenye kichujio.

#30 Mama_Bucha

Yule mbwa wa Thiers amenigusa moyo. Endeleeni.

#31 Mkanda_Mpya

Kurasa zote hizi hakuna aliyeuliza mkanda wake una umri gani! Mkanda uliochakaa haukati, unasugua. Unasukuma zaidi ili ukate, unapata joto badala ya cheche. Mimi baada ya kutiwa maji natumia mkanda mpya tu, na wa zamani nauachia mbao za mipini. Naamini kijiti hakihusiki kabisa. Amebadili kijiti wakati uleule mkanda wake ulipochoka, akalaumu kijiti.

#32 Mchonga_Springi

Mkuu, mkanda ule una kama visu 12. Huku bei imepanda, nauvuta mpaka uchanike.

#33 Kamukunji254

12? Hapo springi imekuwa msasa na msasa umekuwa kitambaa.

#34 Msomi_wa_Chuma

Hoja ya #31 ni nzito, ila bado haijaua ya nguvu wala ya #4 kuhusu mahali pa kijiti. Na zaidi: kama kuna kisu cha chuma kisichoshika kutu kati ya hivyo 3, kumbuka kinasafirisha joto polepole kuliko springi, nusu yake au chini. Joto linabaki palepale kwenye ncha.

#35 Mchonga_Springi

Vyote vilikuwa springi.

Narudi na majibu, nimefanya kazi siku 4 kufuatana na ushauri wenu. Kijiti kipya ni cha mti laini, nimekiroweka usiku kucha kama alivyosema ndugu wa Unguja, na mwisho wake una ngozi. Mkanda mpya. Kijiti nakisogeza kufuata mkanda, na nikibakiza sentimita 3 kufika nchani nakiinua kabisa, ncha naipitisha kwa uzito wa kisu wenyewe. Kila mpito mmoja, ndoo. Visu 6, hakuna bluu hata kimoja.

Jana nikarudia kimoja kwa kijiti kikavu cha mpera, mkanda uleule mpya, nakiinua vilevile. Hakikuungua.

Kwa hiyo sijui bado kama ni maji, au mkanda, au kule kuinua.

#36 Mkanda_Mpya

Mkanda. Nilisema.

#37 Kijana_wa_Keko

Kuinua. Jaribu mkanda wa zamani huku unainua, utaniambia.

#38 TezoYaUnguja

Kisu kimoja kikavu si ushahidi. Jaribu sita, kama ulivyojaribu vibichi.

#39 BabuTupa

Mnasahau kwamba siku hizi 4 alikuwa anaogopa na anazamisha kila mpito. Hayo nami nayafanya, bila kijiti.

Lakini kijana wangu, endelea na kijiti chako. Nimekaa nikatazama mkono wangu wa kushoto baada ya kusoma uzi huu. Cha shahada hakina alama za kidole tena, ni laini kama bapa. Simu ya mwanangu inakataa kukisoma. Niwekee vipimo vya hicho cha mti laini.

#40 Mchonga_Springi

Shikamoo babu. Urefu sentimita 32, upana 4, unene 2 na nusu. Mwisho umekatwa mshazari nyuzi 45, kidato milimita 2, ngozi ya mkanda imekunjwa kutoka juu hadi chini ya kidato na kubanwa kwa misumari midogo pembeni, mbali na chuma. Gundi peke yake ilibanduka siku ya pili kwa sababu ya maji.

#41 BabuTupa

Marahaba. Nina kipande cha msufi hapa uani. Usiku huu nakitia ndooni.

#42 Panga_Refu

Wakuu nimefika nimechelewa. Mimi ni mapanga, bapa nusu mita. Kwa kijiti kimoja katikati panga linapinda, na mkanda unalila tumbo lake. Kuna aliyejaribu vijiti viwili, na mtu wa pili kushika msuka?